Gego la Mtoto Halilegei Bure

Ndugu zangu, leo tena, kwenye habari ya saratani za watoto, naanza na jino. Wapo hapa walionisikia nikilisema huko nyuma, na nitalisema mpaka lieleweke.

Mtoto wa miaka sita, shavu la kulia limevimba. Bibi akasema ni matubwitubwi. Wiki ya pili gego likaanza kucheza, wakampeleka zahanati, likang'olewa. Baada ya siku tatu la jirani yake likalegea, nalo likang'olewa. Jamani! Mtoto wa miaka sita hung'oka meno ya mbele. Gego linalegezwa na nini? Hakuna aliyeuliza! Alipofika kwangu, ufizi ulikuwa umejaa nyama, meno yanaelea juu yake, na jicho la upande ule limesukumwa nje. Nikagusa taya: gumu kama kiazi kibichi, wala mtoto hakushtuka. Mama akaniambia kwa sauti ndogo, "Daktari, juzi halikuwa hivi."

Alisema kweli. Hiyo ni limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga za mwili, na seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Sasa nipigieni hesabu ya zile wiki za kung'oa meno.

Wala si ugonjwa mgeni kwetu. Mwaka 1957, hapo Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote mbili, juu na chini. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine Jinja. Mwaka 1961 akazunguka na gari maelfu ya kilomita, hospitali hadi hospitali, akiuliza wapi watoto wa namna hii wanaonekana. Jibu: penye joto na mvua, palepale penye malaria nyingi. Na sisi wa kando ya ziwa tumo.

Mtaniambia, "Daktari, mtoto gani hana mitoki, hizi tezi zinazovimba?" Sawa. Kidonda mguuni huleta mtoki kinenani, mapunye kichwani huleta tezi shingoni, na mengi hupungua yenyewe. Sisemi mkimbie kwa kila mtoki. Nasema ule mgumu, usiouma, unaozidi kukua wiki baada ya wiki, au uliotokeza juu ya mtulinga, usichanjwe chale na usikandwe. Ukatwe kipande kidogo, kipimwe.

Na msiogope kisu. Burkitt hutibiwa kwa dawa za mshipani. Yule mtoto, siku ya tano ya dripu, shavu lilikuwa limenywea mpaka mama yake akasema, "Huyu ndiye mwanangu." Sasa yuko darasa la nne.

Naona muda umekwisha. Kifua kikuu cha tezi nakiruka. Dalili nyingine mbili za saratani za watoto, haraka. Tumbo: ukimwogesha mtoto ukakuta uvimbe ubavuni, usiubinyebinye, mlete. Jicho: mboni iking'aa nyeupe kwenye picha ya simu, mlete wiki hiyohiyo. Na yule mama aliyenionyesha shingo ya mwanawe asubuhi, usiondoke, tuonane hapo mlangoni.