Njia Ikipita Mlangoni

Jambo yenu, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mliokaa madirishani kwa sababu viti vimekwisha.

Naanza na swali, na nataka mikono tu. Nani humu amewahi kupanda chukudu, baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, au kuisukuma, hata mara moja? Naona karibu wote, hata mama pale nyuma anayejificha kwa kitenge. Sasa nani mwaka huu ametazama hatua moja tu ya Tour de France, etapi kama tunavyosema hapa, kuanzia mwanzo hadi mwisho? Mikono minne. Haya, mitano, wewe umechelewa kuamua.

Tofauti ya mikono hiyo ndiyo iliyonileta. Goma tunakula kwa magurudumu mawili. Kabichi za Kibumba, viazi, makala yaani mkaa, mbao, vyote vinateremka kwa chukudu, kijana amepiga goti juu ya kipande cha mpira, mguu mmoja unapiga lami. Miji mingine huweka sanamu ya jenerali katikati ya rompwe, pale magari yanapozunguka. Sisi tumemweka mtu wa chukudu. Halafu mbio kubwa kuliko zote za baiskeli zinaanza mwezi wa saba, zinakwenda wiki tatu, hatua 21, kilomita zaidi ya 3,000, na mtaani kwetu hakuna anayezitaja. Kwa hiyo tuondoe kwanza wazo kwamba penye baiskeli nyingi ndipo penye mapenzi ya mbio hizi. Sivyo. Mimi nafundisha michezo, na nimejiuliza miaka mingi kinachofanya nchi moja izipende na jirani yake izipuuze.

Twende kwanza kwa wenyewe. Mbio hizi zilizaliwa mwaka 1903 kwa ugomvi wa magazeti. Gazeti la L'Auto, chini ya Henri Desgrange, lilikuwa halinunuliwi vya kutosha, ndipo ikaamuliwa waendesha baiskeli waizunguke Ufaransa nzima ili watu wanunue gazeti wajue nani yuko mbele. Walianza watu 60, akashinda Maurice Garin, na gazeti likanunuliwa. Jezi ya manjano ya kiongozi ilikuja mwaka 1919, na manjano ndiyo rangi ya karatasi ambayo L'Auto lilichapwa. Yaani mpaka leo mtu anayeongoza huvaa tangazo la gazeti lililokwisha kufa.

Lakini mpira pia una magazeti. Siri ya Ufaransa ni kwamba mbio hizi hazichezwi uwanjani. Hakuna mlango, hakuna tiketi. Zinapita mbele ya nyumba ya bibi fulani kijijini, naye anatoa meza, mkate, jibini na mvinyo, anawaita wajukuu, wanakaa kando ya barabara tangu asubuhi. Waendesha baiskeli wenyewe wakifika wanapita kama upepo, dakika moja hivi kwenye tambarare. Ndiyo sababu tangu mwaka 1930 kuna msafara wa matangazo unaotangulia, magari yamepambwa, yanarusha kofia, pipi, biskuti. Sisi tunaujua ugonjwa huu: msafara wa harusi ukipita na honi zake, nani hatoki nje, hata kama bi harusi hamjui?

Televisheni iliukuza ugonjwa huo bila kuubadilisha. Helikopta inaonyesha makasri, mito, mashamba ya alizeti, na Wafaransa wengi wanakiri kwamba hutazama hayo zaidi ya mbio, wengine wakiwa wamelala nusu baada ya chakula. Katika miaka ya karibuni ni kama watu milioni 4 kwa wastani kila siku, kwenye chaneli ya taifa isiyolipiwa. Na kumbukeni kwamba kwa wanaume Mfaransa wa mwisho kushinda ni Bernard Hinault, mwaka 1985! Mpira ukikaa miaka 40 bila kombe, tungekuwa tumechoma viti. Wao kila mwaka wanarudi na meza yao, kwa sababu njia ni ya kwao hata kama jezi inavaliwa na mgeni.

Nje ya Ufaransa mambo yanakuwa mengine. Huko njia haipiti mlangoni, au inapita mara moja kwa miaka mingi. Huko inabaki ile kanuni ya wahenga: mcheza kwao hutunzwa.

Ubelgiji nitaipita haraka, kwa kuwa wazee wetu hapa wanaijua kuliko mimi. Marehemu baba yangu alilitaja jina la Eddy Merckx kama anavyotaja mtu wa ukoo. Ushindi mara tano, hatua 34. Ila Mflandria ukimwuliza kwa siri, atakuambia mbio za kwao za machipuko, zile za barabara za mawe, anazipenda kuliko Tour. Mawe yao, jamani, ni laini. Waje wapite kwenye lava yetu.

Waholanzi wana kona yao. Mlima wa Alpe d'Huez una kona 21, na ile ya saba wanaijaza wao, nguo za rangi ya chungwa, muziki na bia. Sababu ni hesabu tu: katika mara 14 za kwanza Tour ilipomalizikia kileleni pale, Waholanzi walishinda 8. Wakaanza kuufanya mlima wa Wafaransa kuwa kijiji chao.

Italia ina mbio zake, Giro, na ina wivu. Lakini mwaka 1948, tarehe 14 mwezi wa saba, kiongozi wa wakomunisti, Palmiro Togliatti, alipigwa risasi mjini Roma. Nchi ikaanza kuchemka, migomo, watu barabarani. Gino Bartali, mtu wa karibu miaka 34 aliyekuwa ameshinda miaka kumi nyuma, alikuwa kwenye Tour, amechelewa zaidi ya dakika 20 nyuma ya kiongozi. Inasimuliwa kwamba waziri mkuu De Gasperi alimpigia simu. Kesho yake Bartali akashinda hatua ya milimani, na ya pili, na ya tatu, akarudi na jezi. Wengine husema aliiokoa Italia na vita. Mimi nasema baiskeli haizuii vita. Togliatti alipona na kuwaomba watu wake watulie, hilo nalo lihesabiwe. Ila naamini kabisa kwamba jioni ile watu waligombea redio.

Na redio ndiyo inayonipeleka Kolombia, nchi ninayoipenda kuliko zote katika habari hii. Timu yao ya kwanza ilifika kwenye Tour mwaka 1983. Walikuwa watu wa milimani, wadogo wa mwili, na wanahabari wa redio waliandamana nao wakipiga kelele kwenye maikrofoni tangu alfajiri, maana saa za Ulaya zikiwa alasiri, kwao ni asubuhi. Mwaka uliofuata, 1984, Luis Herrera akashinda Alpe d'Huez. Mnajua walimwita nani? Mtunza bustani mdogo, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi ya maua. Nikisoma habari zake namwona kijana wa Kibumba na kabichi zake. Bogotá iko juu karibu mita 2,600; mtoto anayekwenda shule kwa baiskeli kwenye hewa nyembamba namna ile amefanya mazoezi bila kujua. Iliwachukua miaka 35 tangu ushindi ule wa Herrera mpaka Egan Bernal, mwenye miaka 22, kuishinda Tour nzima mwaka 2019. Mji wake, Zipaquirá, ulijaa uwanjani wakitazama kwenye skrini kubwa, wote wamevaa manjano. Miaka 35 ya kusubiri mtoto mmoja, na redio haikuzimwa.

Lakini mapenzi ya kumtunza mcheza kwao yana hatari yake, na Ujerumani iliionja. Mwaka 1997 Jan Ullrich alikuwa Mjerumani wa kwanza kushinda. Nchi ikawaka. Kisha mambo ya dawa za kuongeza nguvu yakaja: mwaka 2006 Ullrich aliondolewa siku moja kabla ya mbio, na mwaka 2007 Mjerumani mwingine alipopatikana na dawa, televisheni za umma ARD na ZDF zilikata matangazo katikati ya mashindano. Zilirudi, zikachoka, baada ya 2011 zikaacha kuonyesha moja kwa moja, na ARD ikarejea mwaka 2015 tu. Wamarekani nao: Lance Armstrong alipovuliwa ushindi wake wote saba mwaka 2012, watazamaji wengi walikuwa wamependa mtu mmoja kuliko mchezo, na alipoanguka walikwenda zao.

Uingereza ni somo la tatu. Haikuwa na mshindi hata mmoja mpaka Bradley Wiggins mwaka 2012. Halafu Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, akashinda mara nne. Mbio zilipoanzia Leeds mwaka 2014 barabara za Yorkshire zilifurika. Yote hayo watu waliyaona bure kwenye ITV. Kuanzia 2026 matangazo ya moja kwa moja yamehamia chaneli ya kulipia, na mimi naona hilo litawaumiza zaidi ya kukosa mshindi, kwa maana mtoto hapendi kitu ambacho hajakutana nacho sebuleni.

Slovenia, watu kama milioni 2 tu, wana Tadej Pogačar, kufikia 2025 mwenye Tour nne. Denmark ina Jonas Vingegaard mwenye mbili. Hapo hakuna cha kueleza, methali inatosha.

Kuna kijana alinishika mlangoni akaniambia watazamaji ni bilioni 3.5. Ndiyo, namba hiyo imetajwa sana. Mimi siinunui. Ingekuwa karibu nusu ya dunia, na humu ndani tumehesabu mikono mitano! Ukimhesabu mtu yuleyule kila siku kwa siku 21, utapata mji kutoka kwenye familia.

Sasa nyumbani. Eritrea ilipewa baiskeli na Waitaliano waliowatawala, wakainyang'anya ikawa yao. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot alivaa jezi ya vidoa vyekundu, ya mfalme wa milima, Mwafrika mweusi wa kwanza. Mwaka 2024 Biniam Girmay akashinda hatua tatu, ya kwanza mjini Turin, akarudi na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, na Asmara wakatoka na bendera. Wengine wenu mmekwisha kumwona Teklehaimanot bila kujua: ndiye aliyeshinda Tour du Rwanda mwaka 2010. Hata Froome alikuja kuishindania mwaka 2023. Na mwaka 2025 mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika.

Mama wa kitenge ameinua mkono… Anauliza, wanawake je? Mama, umeniumbua, ningelianza nao. Tour yao ilirudishwa mwaka 2022, na mwaka 2025 alishinda Pauline Ferrand-Prévot, Mfaransa. Miaka 40 baada ya Hinault, mtu aliyewarudishia Wafaransa manjano ni mwanamke.

Na wewe kijana wa dirishani? Anauliza, bila kifurushi cha televisheni aanzie wapi. Mwezi wa pili kwa kawaida ndio wa Tour du Rwanda, na mara nyingi hatua yake moja huishia Rubavu. Ukisikia inakuja, na mpaka uko wazi, chukua jeto yako, ile karatasi ya kuvukia mpaka, vuka asubuhi kabla ya foleni. Usisimame kwenye mstari wa mwisho, huko utaona migongo ya watu. Panda juu, tafuta mwinuko mkali, kwa sababu pale wanakwenda polepole na utasikia wanavyohema. Chukua maji na mahindi ya kuchoma. Hakuna atakayekuuliza tiketi.