Kuandaa foleni ya maombi ya draiva ya diski katika keneli ya Linux

Ndugu watazamaji, katika video hii tunaandaa foleni ya maombi (ya kusoma na kuandika data) ya diski ndogo ya megabaiti 16 inayokaa ndani ya RAM, kwenye keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, toleo la 6.9 au la baadaye. Tutatumia blk-mq, mfumo wa foleni nyingi za maombi ya diski ulioingizwa katika toleo la 3.13 mwaka 2014. Ule wa zamani wa foleni moja uliondolewa katika toleo la 5.0, kwa hiyo mkikuta maelekezo yanayotaja blk_init_queue, yapiteni tu.

Anzeni kwa kujaza muundo wa blk_mq_tag_set. Kwenye nr_hw_queues, yaani idadi ya foleni za kifaa chenyewe, andikeni 1, kwa kuwa RAM haina foleni zake yenyewe kama zilivyo diski za NVMe. Kwenye queue_depth andikeni 128, yaani idadi ya maombi ambayo draiva inaweza kuyashika kwa wakati mmoja, kila ombi likiwa na namba yake kama mteja wa benki aliyechukua tiketi. Wekeni pia anwani ya ops, yaani orodha ya fanksheni za draiva, kisha iteni blk_mq_alloc_tag_set na mkague jibu: lisipokuwa 0, msiendelee.

Sasa tuandike queue_rq, fanksheni ya ops ambayo keneli huiita kwa kila ombi, na ambayo ndiyo moyo wa draiva. Mstari wa kwanza ni blk_mq_start_request, unaowasha saa ya kufuatilia ombi, ambayo kwa kawaida ni sekunde 30. Mahali pa kuanzia panatoka kwa blk_rq_pos, na hapo muwe waangalifu: hesabu yake ni ya sekta za baiti 512 daima, hata kama diski yenu imetangazwa kuwa na bloku za baiti 4096. Pitieni vipande vyote kwa rq_for_each_segment, mkinakili data kwa memcpy_from_bvec wakati wa kuandika na memcpy_to_bvec wakati wa kusoma, kisha mfunge kwa blk_mq_end_request na kurudisha BLK_STS_OK.

Jibu hilo la mwisho linasema tu kwamba draiva imelipokea ombi. Matokeo yake hutangazwa na blk_mq_end_request. Mkiisahau, programu iliyokuwa ikisoma itaganda, amri ya ps itaionyesha katika hali ya D (usingizi usioweza kukatizwa), na hata kill -9 haitaiondoa. Kinyume chake nacho ni hatari: mkilifunga ombi wenyewe halafu mkarudisha BLK_STS_IOERR, yaani jibu la hitilafu, keneli italifunga mara ya pili.

Kinachobaki ni kuunda diski kwa blk_mq_alloc_disk, ambayo jibu lake hukaguliwa kwa IS_ERR, na kuipa set_capacity ya sekta 32768. Iteni add_disk mwishoni kabisa, baada ya kumbukumbu ya diski kuwa tayari, kwa sababu keneli huanza kusoma jedwali la vigawanyo kabla hata fanksheni hiyo haijarudi. Wakati wa kuiondoa moduli, fuateni mpangilio huu: del_gendisk, put_disk, blk_mq_free_tag_set, na vfree, inayoachilia kumbukumbu ya diski, mwishoni.