Mkebe wenye matundu: Wangari Maathai na akina mama wa kijijini

Habari za mchana. Nimeombwa nimzungumzie Wangari Maathai, Mkenya yule wa kupanda miti, na najua wengi wenu mnangoja Uhuru Park, bustani ile ya umma ya Nairobi, na Tuzo ya Amani ya Nobel. Tutafika. Ila mimi naanzia jikoni, kwenye sufuria ya githeri.

Githeri, kwa asiyewahi kuiinjika, si chakula cha haraka. Mahindi makavu na maharagwe yanatokota, yanaongezwa maji, yanatokota tena, na muda wote huo mafiga yanadai kuni. Sasa mfikirie mama wa Nyeri, miaka ya sabini. Shamba limeshikwa na kahawa na majani chai, na hela za zao hilo anapokea mzee. Kichaka alichozoea kuokotea kuni kimefyekwa. Atapika nini? Atapika kinachoiva upesi: ugali wa unga mweupe, wali, au atampa mtoto mkate na chai. Mtoto analala ameshiba, na utapiamlo unamwingia akiwa ameshiba vilevile.

Wangari alizaliwa huko huko, Ihithe, mwaka 1940. Mwaka 1960 akaenda Marekani na wanafunzi wale wa ndege za Kennedy, waliofadhiliwa kusoma vyuo vya huko, na 1971 akapata shahada ya uzamivu Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Taaluma yake ilikuwa wanyama, si miti. Alikuwa akifuatilia kupe na ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe wanaoueneza, na kupe hawakusanywi ofisini. Huko nje akaona ng'ombe mbavu nje na mito iliyogeuka rangi ya udongo. Kisha, katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, wakati wa matayarisho ya mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Mexico mwaka 1975, akasikia mtafiti akieleza kwamba watoto wa Mkoa wa Kati, mkoa wenye rutuba kiasi kile, wana utapiamlo. Na akina mama wa kijijini nao walikuwa wamesema wanachokosa: kuni, maji safi, chakula chenye lishe, kipato.

Hapo ndipo ninapompendea. Msomi mwingine angeyagawa mambo hayo manne, kila moja na kamati yake. Yeye aliona yote yanatoka shina moja, miti iliyofyekwa, akasema tupande miti. Tarehe 5 Juni 1977 wakapanda saba pale Kamukunji, Nairobi, kuwakumbuka mashujaa saba wa jamii mbalimbali. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti, na picha yake mnaijua.

Mimi nauona mwanzo kwingine. Miche ilihitajika mingi, na wataalamu wa misitu wakashangaa: wanawake wa kijijini, bila diploma, watapandaje miti? Hebu sikilizeni lugha yetu wenyewe: bwana misitu, bwana shamba. Hata cheo kimeota ndevu! (Mnacheka, lakini nani alikuwa akipanda maharagwe miaka yote hiyo?) Wangari akawaambia watumie akili zao. Wakakusanya mbegu za miti ya kwao, wakajaza udongo kwenye vyungu vilivyovunjika. Mikebe mikuukuu wakaitoboa matundu chini, maji yasituame yakaozesha mizizi. Kisha wakaipandisha mahali pa juu, kuku na mbuzi wasiifikie. Kitalu kikawa hicho.

Halafu malipo. Ndugu zangu wa miradi, hapa naomba mniangalie. Mama alilipwa kwa mche ulioshika. Kupewa miche elfu moja hakukumpa kitu, wala kuchimba mashimo mbele ya mgeni rasmi. Mche uliohamishwa, ukakaguliwa, ukakutwa hai, huo ndio uliolipiwa, mwanzoni senti 4 za Marekani. Ni hela kidogo, na anayesema jasho la akina mama lilinunuliwa rahisi simbishii sana. Lakini ni hela iliyomfuata mwanamke hadi mkononi mwake, na ilimpa sababu ya kumwagilia mwezi wa kiangazi ambapo hakuna mpiga picha. Kufikia 2004 miti ilikuwa imepita milioni 30. Nimehudhuria siku nyingi za kupanda miti, na kila mara tunatangaziwa idadi ya mashimo.

Mengine nitayapitia mbio. Mwaka 1989 akapinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Bungeni wakaita kundi lake genge la wanawake walioachika, na shirika likatimuliwa ofisini likahamia nyumbani kwake. Jengo halikujengwa. Mwaka 1992 akakaa na kina mama wa wafungwa wa kisiasa kwenye mgomo wa kula, akapigwa hadi kuzimia. Mwaka 1999 akapigwa tena, akitetea msitu wa Karura, Nairobi. Mwaka 2002 watu wa Tetu, jimbo la kwao Nyeri, wakamchagua kuwa mbunge, 2004 ikaja Nobel, na 25 Septemba 2011 akafariki. Alizikwa? Hapana, alichomwa, na jeneza lake lilikuwa la mianzi, mafunjo na magugu maji. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Nina jambo linalonisumbua bado. Mama anatoboa mkebe, anaotesha, anamwagilia, mti unashika. Unapandwa shamba la nani? Katiba ya 2010 inataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi uondolewe, lakini hati nyingi bado zina jina la mzee. Mti ukikomaa, nani anamwita mwenye msumeno, na hela ya mbao inaingia mfuko upi?

Naona kina mama wa vitalu mmekaa nyuma kule. Hili mnalijua kuliko mimi. Kijana, wapelekee kipaza sauti.