Maji Yalikupwa Yenyewe, Sifa Akapewa Mwezeshaji

Ahsante, mwenyekiti. Walionisikia mwaka jana wanajua nitakapoanzia: kwenye fomu. Nivumilieni.

Semina ya msongo wa mawazo, siku mbili. Wauguzi wamefundishwa kuvuta pumzi taratibu, kunyoosha shingo, kuandika kila usiku mambo matatu ya kushukuru. Jioni ya pili inaletwa fomu: je, umenufaika? Chai ilikuwa na sambusa, na nauli bado haijagawiwa. Nani ataandika hapana? Mnacheka kwa sababu mmeshazijaza.

Sasa namwona bwana yule wa nyuma anatikisa kichwa. Atasema, "Daktari, sisi tuliwapima tena baada ya mwezi, na uchovu ulikuwa umeshuka kweli." Naamini ulishuka. Lakini niambie, mtu huomba kwenda semina kama hiyo lini? Huomba siku amefika ukingoni: zamu za usiku zimefuatana, mwenzake yuko likizo ya uzazi, wodi ina wagonjwa wawili kitanda kimoja. Maji yakijaa hupwa. Mwenzake angerudi, naye angelala, semina iwepo isiwepo. Ukimkabidhi mtu daftari siku ya bamvua, maji yakiwa juu kabisa, wiki ijayo atakuapia kwamba daftari ndilo lililoshusha bahari.

Tena huyo mliyempima baada ya mwezi ni nani? Ni aliyebaki. Yule aliyechoka mpaka akaacha kazi akafungua duka la vitenge hayumo kwenye hesabu yenu.

Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliliumbua kosa hili vizuri mno. Wafanyakazi karibu 5,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakaalikwa kwenye mpango wa afya kazini, wengine hapana. Hesabu ya kwanza waliifanya kivivu, kama yetu: kati ya walioalikwa, wakawalinganisha waliojiunga na wasiojiunga. Waliojiunga waling'ara! Wanaenda mazoezini zaidi, wanatumia fedha kidogo kwa matibabu. Hesabu ya pili: walioalikwa wote dhidi ya wasioalikwa wote. Baada ya mwaka wa kwanza, tofauti ile ya mazoezi na ya matibabu haikuonekana. Watu walewale, takwimu zilezile! Mpango haukuwa umewafanya watu wawe na afya. Wenye afya ndio waliokimbilia mpango. Matokeo yalichapishwa 2019, na mpaka leo ninaletewa ripoti za hesabu ya kivivu, zimefungwa kwa utepe.

"Kwa hiyo mbinu za mtu kujipunguzia msongo ni upuuzi?" Sikusema hivyo, dada yangu. Kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wakimbizi wanawake wa Sudan Kusini wapatao 700 walijaribiwa mpango wa Shirika la Afya Duniani: vikao vitano vya sauti iliyorekodiwa, kitabu cha picha, na wawezeshaji wasio madaktari. Vijiji 14 vilipangwa kwa bahati nasibu, saba vipate vikao, saba visipate. Mara tu baada ya vikao nafuu ilikuwa kubwa. Miezi mitatu baadaye ilikuwa imepungua, lakini ilikuwapo. Hiyo naikubali bila kinyongo, maana vijiji vya upande wa pili vilikuwepo kutuonyesha maji yangekupwa kiasi gani yenyewe.

Nilitaka pia kusema kwamba Shirika hilohilo linauelezea uchovu wa kazi kuwa jambo linalotokana na kazi, wala haliuiti ugonjwa, na hivyo kumfundisha muuguzi kupumua bila kugusa ratiba ya zamu ni... Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya.

Ombi langu basi. Mkipata nafasi 60 na maombi 120, andikeni majina kwenye vikaratasi, tieni kwenye kapu, chomoeni mbele ya wote. Wapimeni wote 120, na walioacha kazi watafuteni kwa simu. Wale 60 wa pili waiteni awamu ijayo. Na nauli, tafadhali, gaweni kabla ya fomu.