Kamba ya Kisima

MWAJUMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Tabora na kwingineko. Tulipanga kufundisha mambo matatu kuhusu maji ya visima vya majumbani, lakini kaka Ramadhani amepatwa na jambo kwake Isevya wiki hii, kwa hiyo tuanzie hapo.

RAMADHANI: Ahsante, dada. Baada ya ile mvua kubwa watoto waliharisha, nikapeleka maji maabara. Majibu yameonyesha E. koli, bakteria wa kinyesi, ambao Shirika la Afya Duniani linataka wasionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Maji yenyewe ni maangavu na hayana harufu. Ninaamini chanzo ni kamba.

MWAJUMA: Kamba?

RAMADHANI: Kamba ya katani. Ndoo ikishapanda, kamba huachwa chini kwenye tope wanapochakura kuku, kisha hurudi majini na tope lake. Nimeitazama kwa karibu: nyuzi zimejaa udongo mweusi, na karibu na fundo la ndoo kumeganda kinyesi cha kuku.

MWAJUMA: Pole sana kwa watoto. Hata hivyo, mimi nisingeanza na kamba. Choo cha shimo cha jirani kiko wapi?

RAMADHANI: Kiko upande wa juu wa mteremko, hatua chache nyuma ya ukuta. Lakini kimekuwapo miaka yote na hatukuugua.

MWAJUMA: Masika maji ya ardhini hupanda yakakaribia shimo la choo, na udongo uliokuwa ukichuja uchafu haubaki mkavu tena. Ukitia klorini kisimani leo, mvua ijayo itaurudisha uchafu uleule.

RAMADHANI: Na choo kikihamishwa, kamba itaendelea kuuteremsha kila alfajiri. Nitafunga kapi ili kamba isiguse chini, nijenge ukingo wa saruji na mfuniko, ndipo nipime tena.

MWAJUMA: Pima pia naitreti, kemikali itokanayo na kinyesi kilichooza. Ikiwa nyingi, kamba haiwezi kuwa ndiyo iliyoileta.

RAMADHANI: Inaweza kutoka kwenye mbolea ya bustani yangu, dada, isitoke chooni.

MWAJUMA: Sikubaliani nawe. Choo kilicho karibu namna hiyo hakiwezi kuachwa nje ya hesabu.

RAMADHANI: Nami siiachi kamba niliyoiona kwa macho yangu.

MWAJUMA: Fundi mitambo ananionyesha saa. Habari za kuchuja na za kutibu kisima kwa klorini hatutazifikia leo, ila hili siwezi kuliacha: kuchemsha huua vimelea lakini hakuondoi naitreti, kwa hiyo maji yenye zaidi ya miligramu 50 za naitreti kwa lita yasikorogewe maziwa ya kopo ya mtoto mchanga.

RAMADHANI: Kwangu tunachemsha yote ya kunywa mpaka majibu mapya yatoke. Kapi ninalifunga kesho.

MWAJUMA: Na urefu wa kutoka chooni upime kwa futi, kaka, si kwa hatua.