Kulanti ya Jiwe la Kusagia Chuma: Anza na Jiwe, Malizia na Maji Yako

Karibuni karakanani, Malindi. Mashine hii ya kusagia bapa ina jiwe la kipenyo cha milimita 200, na mota yake huzunguka mara 2,850 kwa dakika. Pigeni hesabu: ukingo wa jiwe wakimbia karibu mita 30 kwa sekunde. Joto la mahali jiwe linapogusa chuma ndilo linaloacha yale madoa ya samawati na kahawia, na ndilo linalopasua uso wa chuma kigumu kwa nyufa ambazo jicho halizioni. Leo twachagua kulanti ya kazi hii, yaani kimiminika cha kupoza jiwe na chuma. Dumu la dawa, ile kulanti nzito isiyotiwa maji bado, tutalifungua baadaye kabisa, kwa sababu dumu si pa kuanzia.

Kwanza tuondoe yasiyofaa. Kulanti ya rejeta ni ya rejeta tu. Ina glaikoli, yaacha utando unaonata, na mvuke wake haufai kuvutwa puani. Dizeli na mafuta ya taa hushika moto kwa cheche. Maji ya sabuni ya unga hutoa povu leo na kutu kesho. Oili chafu ya injini usiikaribishe hata kidogo: ni moshi mtupu, tena ina vitu vinavyosababisha saratani.

Sasa lisome jiwe. Sogeza kamera hapa kwenye karatasi ya pembeni. Imeandikwa WA 46 K 8 V. WA ni alumina nyeupe, 46 ni ukubwa wa chembe, K ni ugumu wa jiwe, 8 ni nafasi kati ya chembe, na V yaonyesha kiunganishi cha kuchomwa tanuruni. Jiwe la V halina ugomvi na maji. Ukikuta B mwishoni, kiunganishi ni rezini, na rezini huliwa polepole na kulanti yenye alkali kali. Kwa jiwe hilo tafuta kulanti ambayo pH yake, yaani kipimo cha alkali, haipiti 9. Msichanganye: B ikija mwanzoni, kama B126, hiyo ni CBN, ile chembe ngumu inayoifuata almasi. CBN ikipata joto kali huharibiwa na mvuke wa maji, kwa hiyo hudumu zaidi kwenye mafuta matupu. Lakini mafuta matupu yataka mashine iliyofungwa pande zote na yenye kifyonza mvuke. Mashine iliyo wazi kama hii yetu, mimi siyaweki. Afadhali maziwa mazito ya asilimia 8 hadi 10, na jiwe liishe mapema kidogo.

Ndiyo, maziwa. Kulanti za maji ziko za namna tatu. Kuna ya mafuta yanayochanganyika na maji, hiyo huwa nyeupe kama maziwa na hulainisha vizuri. Kuna ya sintetiki, isiyo na mafuta: hupoza sana, huonyesha kazi chini yake, na vumbi la jiwe huzama upesi tangini. Ya tatu iko katikati, nusu sintetiki, rangi yake ni ya ukungu. Maji hubeba joto karibu mara mbili ya mafuta kwa uzito uleule, ndiyo maana jiwe la alumina kwenye chuma cha kawaida laridhika na sintetiki ya asilimia 3.

Chuma kikibadilika, uamuzi nao hubadilika. Shafti ya boti ya stenlesi hunata na haipitishi joto upesi, basi ipe nusu sintetiki ya asilimia 5. Bushi za shaba zataka dawa iliyoandikwa kuwa ni salama kwa shaba. Ukiona kulanti yageuka kijani au samawati, ujue shaba yayeyuka humo. Hedi ya alumini hupata weusi pH ikipanda, na jiwe huziba: tumia maziwa au nusu sintetiki iliyoandikwa alumini. Kunoa ncha za kabaidi kwa jiwe la almasi ni jambo la pekee, kwani kobalti hutoka ikaingia majini na ina madhara kwa ngozi na mapafu. Hapo tafuta dawa inayozuia kobalti isiyeyuke. Na magnesi usiisage kwa maji kabisa. Vumbi lake likikutana na maji hutoa haidrojeni, na haidrojeni na cheche mwajua mwisho wake.

Sasa tufike kwenye maji, na hapa ndipo karakana nyingi za pwani zinapokosea. Kulanti ya asilimia 3 ni maji asilimia 97. Mtu hutoa pesa nyingi kwa ile 3, kisha hizi 97 achota popote. Kisima kilicho karibu na bahari kina chumvi, na kloraidi ndiyo mama wa kutu. Hakuna dawa ya dumu inayoishinda kwa muda mrefu. Maji magumu nayo huvunja maziwa, mafuta yakapanda juu kama malai.

Chukua kipimo hiki cha TDS, yaani cha jumla ya chumvi zilizoyeyuka majini, ni kidogo kama kalamu, ukitumbukize kwenye kikombe cha maji yako. Chini ya 200 ni sawa. Kati ya 200 na 500 endelea kwa uangalifu. Ikipita 500, tafuta maji mengine. Kipimo hiki hakikwambii ni chumvi gani, chakwambia ziko nyingi kiasi gani, na kwa kuanzia yatosha.

Maji ya mvua ndiyo mazuri, lakini yana masharti mawili. Yakingwe kwenye paa la mabati, si la makuti, maana ya makuti hutoka na rangi ya chai. Na mvua ya kwanza iache ipite, kwani yaosha chumvi ya upepo wa bahari iliyokaa juu ya bati. Tatizo lake ni kwamba ni laini mno, hufanya povu. Dawa yake rahisi: mitungi mitatu ya mvua kwa mmoja wa mfereji. Ikiwa mvua yasoma 20 na mfereji wasoma 400, mchanganyiko utasoma karibu 115, na povu litatulia.

Kabla ya kujaza tangi, fanya jaribio hili la kutu. Ni la gharama ndogo kuliko kipande kimoja kilichoharibika. Toboa dramu kuukuu ya breki, ambayo ni chuma cha kutupwa, bila mafuta yoyote. Chekecha vumbi, ubaki na vipande tu. Pima gramu 2 kwa mizani ndogo, zitandaze juu ya karatasi nyeupe ya kuchujia kahawa ndani ya kisahani cha kioo. Kwa sirinji, mimina mililita 2 za kulanti uliyochanganya kwa maji yako mwenyewe. Funika, subiri saa 2. Kisha mwaga vipande, suuza karatasi kwa maji, iangalie.

Tazameni hizi nne nilizopanga hapa, asilimia 1 hadi 4. Ya kwanza ina madoa ya kahawia, karatasi nzima. Ya pili ina vidoa vitatu pembeni. Ya tatu na ya nne ni nyeupe. Basi kwa maji haya kiwango cha chini ni 3, na kwa hewa ya chumvi ya hapa naongeza moja, nafanya 4. Ikiwa hata asilimia 5 yatoa madoa, usiongeze dawa. Badilisha maji.

Jaribio la pili ni fupi: jaza chupa safi ya plastiki, itikise, iache mpaka kesho. Malai juu au utando unaoelea maana yake dawa na maji hayo havipatani.

Kuchanganya: tangi letu ni la lita 50. Kwa asilimia 4 twataka lita 2 za dawa na lita 48 za maji. Maji yatangulia, dawa yafuata, polepole huku ukikoroga. Ukianza na dawa kisha ukamwagia maji, hasa hii ya maziwa, hugeuka uji mzito usiorudi.

Pima nguvu ya mchanganyiko kwa rifraktomita, kile kipimo cha kuchungulia. Tone moja kwenye kioo, angalia mwangani, soma mstari. Namba hiyo si asilimia bado, izidishe kwa kizidishio kilichoandikwa dumuni. Kizidishio kikiwa 2 na umesoma 2, una asilimia 4. Wengi husahau kuzidisha, wakaongeza dawa maradufu, halafu mikono ikawasha na povu likafurika, lawama zikaenda kwa dawa. Na tukiwa hapo dumuni, ukiona naitraiti kwenye orodha ya viungo, liache dukani. Ikikutana na kemikali ziitwazo amini hutengeneza sumu ya saratani.

Nozo, ule mdomo wa kumwagia kulanti, iwe na upana usiopungua wa jiwe, na ielekezwe pale jiwe linapoingilia chuma. Jiwe likizunguka huburuta hewa, na mkondo mnyonge husukumwa kando: kazi yaonekana imelowa lakini inaungua. Nozo ikiwa sawa na madoa yakaendelea, tatizo si kulanti. Uso wa jiwe umeng'aa, upitishe almasi uufungue upya.

Joto la hapa hukausha maji haraka, chumvi zikabaki. Ongeza kwa mchanganyiko mwepesi wa asilimia 1, si maji matupu, na upime TDS kila wiki. Mafuta ya mashine yanayoelea yatoe kabla ya kufunga Jumamosi. Yakilala juu huziba hewa, na Jumatatu tangi lanuka kama mayai yaliyooza. Kulanti iliyokufa usiimwage mtaroni wala ufukweni. Mpe mkusanyaji wa oili chafu mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Wakati wa kufunga, zima pampu kwanza, kisha liache jiwe lizunguke dakika 2 au zaidi lirushe maji yote. Jiwe la V lina vinyweleo, hunywa maji. Likisimama likiwa limelowa, maji hushukia upande wa chini. Asubuhi ukiliwasha litakuwa na uzito upande mmoja, litatikisika, na laweza kupasuka.