Bawa Kwanza, Mota Baadaye: Kuunda na Kurekebisha Glaida ya Povu

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie glaida za povu zinazoongozwa kwa rimoti, yaani ndege ndogo zinazoelea kwa bawa hata mota ikizimwa: jinsi ya kuziunganisha zinapotoka kwenye boksi, na jinsi ya kuzirekebisha ziruke vizuri zaidi. Niseme msimamo wangu mapema. Watu wengi wakishika glaida mpya, mawazo hukimbilia mota kubwa na betri nzito. Mimi nasema pesa zako na jioni zako zitumie kwenye bawa na mkia. Mota hukufikisha juu, basi. Kukaa juu ni kazi ya bawa.

Tuanze na povu lenyewe. EPS ni lile jeupe linalomeguka chembechembe, linalofungiwa televisheni. EPP hubonyea na kurudi. EPO lina uso laini na ugumu wa kutosha, na ndilo lililotumika kwenye glaida nyingi za siku hizi. Lazima ujue unalo lipi, maana supaglu ya kawaida hulila povu la EPS likabaki shimo, lakini EPO na EPP huivumilia. Ukiwa na shaka, jaribu tone moja mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya chumba cha betri. Kwa viungo vikubwa napenda epoksi ya dakika 30 kuliko ile ya dakika 5, kwa sababu inanipa nafasi ya kutazama kama mkia umekaa sawa na bawa kabla haijakamata. Na pakeni kidogo! Gundi iliyofurika nje ya kiungo haishiki kitu, inabaki mzigo.

Kabla ya kufunga mkono wa sevo (mota ndogo inayosogeza usukani, yaani vibao vinavyoigeuza ndege), washa rimoti na kipokezi kilichomo ndani ya ndege, acha sevo ijipange katikati, ndipo uuvike mkono ukisimama wima dhidi ya waya wa kusukumia. Halafu uchague matundu. Kwenye mkono wa sevo tumia tundu la ndani, karibu na ekseli. Kwenye pembe ya usukani, kile kipande kidogo kwenye kibao kinachoshikwa na waya, tumia tundu la nje. Hivyo sevo inazunguka sana huku usukani ukisogea kidogo, na ule ulegevu mdogo uliomo kwenye gia za sevo hauonekani sana kwenye mkia. Mwenye haraka hufanya kinyume, kisha akaja kulalamika kwamba ndege yake haitulii.

Bawaba za aileroni (vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa) na eleveta (kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) kwenye ndege hizi kwa kawaida ni povu lenyewe lililopunguzwa unene. Zikunje juu na chini mara nyingi kwa vidole mpaka zilainike. Bawaba ngumu huichosha sevo, na usukani haurudi katikati kila mara. Kisha hakikisha pande: simama nyuma ya ndege, sukuma kijiti kulia, aileroni ya kulia ipande. Mnacheka, lakini hili huvunja ndege nyingi kuliko upepo.

Sasa pitishianeni bawa hili. Lishike ncha zote mbili, ulipinde. Umeona? Kupinda halipindi sana, maana ndani mna bomba la kaboni. Sasa lisokote, kama unayekamua nguo. Hapo linakubali kirahisi, na hapo ndipo penye tatizo. Bomba la kaboni huzuia kupinda, halizuii sana kusokotwa. Ndege ikishuka kwa kasi, ukingo wa nyuma huanza kutetema, aileroni ikafuata, na mtetemo huo ukikolea unaweza kulipasua bawa kwa sekunde chache. Wengi hujibu kwa kuingiza kaboni nene zaidi. Ni kweli kwamba fimbo ya mm 8 ni ngumu zaidi ya mara tatu kuliko ya mm 6, kwa sababu ugumu wa kupinda huenda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Lakini ule ni ugumu wa kupinda. Dawa ya kusokotwa iko kwenye ngozi ya bawa: utepe wenye nyuzi za kioo, uliobandikwa kwa mshazari wa digrii 45, juu na chini, ukipishana. Anza karibu na kiwiliwili na usifike nchani kama si lazima, kwani uzito wa nchani huifanya ndege iwe nzito kuitikia aileroni. Bandika bila kuvuta. Ukivuta upande mmoja umelipinda bawa mwenyewe.

Na mkiwa na kaboni, angalieni antena. Kaboni huzuia mawimbi ya rimoti ya 2.4 GHz. Antena za kipokezi zikae mbali na mabomba, na zikiwa mbili moja ielekee kivyake, pembe mraba na mwenzake.

Tuje kwenye uzito, jambo ninalolipenda kuliko yote. Chukua glaida yenye bawa la desimita 36 za mraba na uzito wa gramu 800: kila desimita inabeba gramu 22 hivi. Ifikishe gramu 1,000 kwa mota na betri kubwa, na kasi ya chini kabisa inayoweza kuruka nayo inapanda kwa asilimia 12 hivi, kwa sababu kasi hiyo hufuata kipeuo cha pili cha uzito, yaani mzizi wake wa mraba. Uwiano wa umbali kwa kimo haubadiliki sana, ila ndege inashuka haraka zaidi kwa kiasi kilekile, na kuzunguka ndani ya hewa moto inayopanda kunahitaji duara pana zaidi. Siku ya upepo mkali uzito huo ni msaada. Siku tulivu ni hasara tupu.

Uzito wa mkiani ndio mbaya kupita wote. Tuseme mkia uko sm 75 nyuma ya kitovu cha uzito (pale ndege inaposawazika ukiinyanyua), na betri iko sm 25 mbele yake. Gramu 10 za rangi, utepe na gundi mkiani zinadai gramu 30 puani, na jumla umebeba gramu 40 kwa sababu ya urembo. Rangi ya mkiani naipinga hadharani.

Kitovu chenyewe, anzia asilimia 30 hivi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Bawa lililonyooka lenye upana wa sm 20, hapo ni sm 6. Kama kijitabu cha ndege kimetaja mahali, anzia hapo. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyekuwa akiruka na glaida zake miaka ya 1890, aliziongoza hasa kwa kurusha mwili na miguu, yaani kukihamisha kitovu hicho akiwa hewani. Sisi tunakihamisha mezani, kwa kusogeza betri.

Kipimo cha mwisho hufanyika angani. Ndege ikiwa juu ya kutosha na imetulia, zima mota, ielekeze chini kwa digrii 45 hivi, kisha achia kijiti. Ikiinua pua kwa nguvu, pua ni nzito: ulikuwa umeiwekea eleveta juu ili isizame, na kasi ilipoongezeka nguvu ya eleveta ile ikakua. Sogeza betri nyuma milimita chache, punguza eleveta, rudia. Ikizidi kuchimba chini, mkia ni mzito; ivute taratibu, tua, na usiruke tena kabla ya kusogeza betri mbele. Inayonyooka polepole yenyewe iache ilivyo.

Mota nayo ina mambo mawili. Washa breki kwenye kidhibiti cha mwendo ili propela ya kukunja ilale ubavuni. Ikiendelea kuzunguka kwa upepo inaburuta sana. Na uipange rimoti ili mawasiliano yakikatika mota izime. Hilo lijaribuni chini, propela ikiwa imeondolewa, kwa kuzima rimoti na kutazama ekseli. Karibuni kwa maswali, na hilo bawa nirudishieni mkimaliza kulikamua.